Sabuni ya Mawese: Mradi wa Nyumbani Kando ya Ziwa

Mwenye kisima hafi kiu, walisema wahenga. Lakini yupo mwenye kisima anayenunua maji kwa jirani, kwa sababu hajajaliwa ndoo wala kamba. Ndivyo ilivyo kwa kaya nyingi za pwani ya Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Mchikichi umesimama nyuma ya nyumba, mafuta mekundu yanakamuliwa hatua chache kutoka jikoni, lakini sabuni ya kumwogeshea mtoto inanunuliwa dukani, nayo imetoka kiwandani mbali. Mafuta huondoka kwa bei ya mafuta, hurudi kwa bei ya sabuni, na tofauti ya bei hizo mbili hubaki mikononi mwa watu wengine.

Juma hili ukurasa huu unazungumzia namna familia, au kikundi kidogo cha akina mama, inavyoweza kuipata tofauti hiyo. Mfano umechukuliwa Muhuta na Rumonge, lakini somo lenyewe linawafaa pia wakazi wa Kigoma, Uvira, Kalemie na popote penye mchikichi, na hasa familia za askari, ambazo aghalabu huishi kwa mshahara mmoja.

PWANI YA MICHIKICHI

Tarafa ya Muhuta iko kusini ya Bujumbura, mahali ambapo milima inashuka kwa ghafla hadi ukingoni mwa ziwa. Barabara kuu namba 3 inapita katikati ya mlima na maji, inaelekea Rumonge, mji ulio kilometa zipatazo 75 kutoka Bujumbura, kisha inaendelea hadi Nyanza-Lac. Mwaka 2015 Muhuta iliingizwa katika mkoa mpya wa Rumonge pamoja na Bugarama, Burambi, Buyengero na Rumonge yenyewe, kabla Burundi haijapunguza mikoa yake hadi 5 mwaka 2025. Mipaka ya mikoa imebadilika, ila kazi ya watu haikubadilika: uvuvi wa ndagala na mukeke, kilimo cha mihogo na migomba, na michikichi.

Asili ya mchikichi ni Afrika ya Magharibi, lakini umezoea ukanda huu wa ziwa kwa miaka mingi sana. Tunda lake moja hutoa mafuta ya namna mbili. Nyama ya nje hutoa mawese, yale mafuta mekundu yanayopikiwa maharagwe na samaki. Kokwa ya ndani ikivunjwa hutoa kiini, nacho hukamuliwa mafuta meupe ambayo watu wa Kigoma huyaita mise. Mpishi huyapenda mawese zaidi. Mtengeneza sabuni huyahitaji yote mawili, na sababu yake itaelezwa hapa chini.

Thamani ya mafuta haya kwa sabuni si jambo jipya. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight, alipewa na serikali ya Ubelgiji haki ya kuvuna chikichi katika maeneo makubwa ya Kongo, na mji wa Lusanga ukabatizwa jina la Leverville. Alivuka bahari kuyafuata mafuta ambayo mama wa Muhuta huyaona kila asubuhi. Kongo ililipa gharama kubwa kwa biashara hiyo, kwa kazi ya kulazimishwa na ujira duni. Hata leo mjini Bujumbura kiwanda cha Savonor kinatengeneza sabuni na mafuta ya kula. Kikundi cha nyumbani hakiwezi kushindana na kiwanda kwa wingi wala kwa bei ya sabuni ya kufulia. Yapasa kitafute mahali pake, nako ni kwenye sabuni nzuri ya kuogea, iliyotengenezwa kwa uangalifu, kwa vipande vichache, na kuuzwa kwa watu wanaomjua aliyeitengeneza.

SABUNI NI NINI?

Wengi hudhani sabuni ni mafuta yaliyogandishwa kwa dawa fulani ya siri. Sivyo. Sabuni huzaliwa pale mafuta yanapokutana na soda kali, ambayo madukani huitwa kostiki soda. Vitu hivyo viwili hubadilishana asili: soda huisha, mafuta huisha, na mahali pake hupatikana sabuni pamoja na gliserini, ambayo huilainisha ngozi. Ikiwa vipimo ni sahihi, katika kipande kilichokomaa haibaki hata chembe ya soda. Ikiwa soda imezidi, sabuni huunguza. Ikiwa soda imepungua mno, sabuni huwa laini, huteleza kwa mafuta na huchacha upesi.

Kwa hiyo kazi hii haiendeshwi kwa kukisia. Kifaa cha kwanza cha kununua ni mizani inayosoma gramu, kabla ya kibao cha kukatia na kabla ya manukato. Kikombe na kijiko havitoshi, maana kikombe cha mafuta na kikombe cha soda havina uzito mmoja.

Kila mafuta yana kiasi chake cha soda. Kilo 1 ya mawese huhitaji gramu zipatazo 142 za kostiki. Kilo 1 ya mise huhitaji gramu zipatazo 176. Mafuta ya alizeti huhitaji gramu zipatazo 134. Asiyejua tofauti hizi akabadilisha mafuta bila kubadilisha soda, atawaunguza wateja wake au atawauzia mafuta machafu.

Mawese huipa sabuni ugumu, hata isiyeyuke upesi katika sahani. Mise huipa povu. Jambo hili ni muhimu pwani ya Tanganyika, kwa kuwa maji ya ziwa hilo yana chumvichumvi nyingi za magnesi na huelekea ukali wa magadi, hivyo hulizuia povu. Sabuni ya mawese matupu hutoa povu kidogo katika maji kama hayo, na mteja huona ameuziwa jiwe. Mise kidogo huliondoa lalamiko hilo. Kwa sababu hiyo hiyo, maji ya kuyeyushia soda yafaa yawe ya mvua, yaliyokingwa kwa bati safi na kuchujwa.

KIPIMO CHA KUANZIA

Kipimo kifuatacho ni cha kilo 5 za mafuta. Anayeanza kabisa agawe kila kitu kwa tano, atengeneze kilo 1 tu, mpaka mkono uzoee.

Mawese safi: kilo 3 na gramu 500.
Mise: kilo 1 na gramu 500.
Kostiki soda: gramu 720.
Maji ya mvua: kilo 1 na gramu 650.

Hesabu kamili ya soda kwa mafuta hayo ingekuwa gramu 761. Zimepunguzwa kwa makusudi kiasi cha sehemu 5 kwa 100, ili mafuta kidogo yabaki bila kubadilishwa na kuikinga ngozi. Upungufu huo pia ni akiba ya usalama, endapo mizani imekosea kidogo.

Mawese yanayonunuliwa kwa mkamuaji mdogo mara nyingi huwa na maji na makapi. Sharti yachemshwe kwa moto mdogo mpaka sauti ya kutokota iishe, yaachwe yatulie, kisha yachujwe kwa kitambaa. Mafuta ya zamani yenye harufu ya kuchacha yasitumiwe kwa kudhani kwamba manukato yatayaficha. Manukato huisha kabla ya harufu hiyo.

Siku ya kazi, soda hupimwa na maji hupimwa, kila kimoja katika chombo chake. Kisha soda humiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ikikorogwa. Kamwe maji yasimiminwe juu ya soda, kwa kuwa mchanganyiko unaweza kuchemka ghafla na kuruka usoni. Maji hayo yatapata moto yenyewe bila jiko na kutoa mvuke mkali, kwa hiyo kazi ifanywe nje au penye hewa, na mkorogaji ageuze uso upande ambao upepo unatoka.

Maji ya soda huachwa yapoe mpaka nyuzijoto 40 au 45 hivi, na mafuta nayo yapashwe hadi joto hilo hilo. Ndipo maji ya soda yamiminwe taratibu ndani ya mafuta, huku mwiko ukizunguka bila kusimama. Mchanganyiko utaanza kuwa mwepesi, kisha utakuwa mzito kama uji. Mwiko ukiinuliwa na tone lake likiacha alama juu kabla ya kuzama, kazi ya kukoroga imekwisha. Kwa mkono yaweza kuchukua nusu saa au zaidi, na wanawake wawili wakipokezana kazi huwa nyepesi.

Uji huo humiminwa katika sanduku la mbao lililotandikwa nailoni safi, hufunikwa, na kuachwa kwa saa 24 hadi 48. Baada ya hapo hutolewa, hukatwa vipande, na kupangwa juu ya chanja penye kivuli na upepo, vipande visigusane. Hapo huanza sehemu ngumu kuliko zote kwa mwenye haja ya fedha, yaani kungoja. Sabuni hukomaa kwa majuma 4 hadi 6. Ndani ya siku hizo soda humalizia kazi yake, maji hukauka, na kipande huwa kigumu. Wakati wa masika, hewa ya ziwani inapokuwa na unyevu mwingi, majuma 6 ni afadhali. Kipimo hiki kitatoa vipande vipatavyo 60 vya gramu 100 vilivyokauka.

Kabla ya kuuza, kila fungu lijaribiwe kwa karatasi ya pH ya maabara. Sabuni ya kawaida husoma kati ya 8 na 10. Ikisoma 11 au zaidi isiuzwe. Irudishwe chanjani, na ikibaki hivyo iwe ya kufulia.

HATARI ISIYOFICHWA

Kostiki soda si magadi ya kupikia maharagwe, ingawa zote mbili ni nyeupe. Hula ngozi, hupofusha macho, na mtoto akiimeza huunguza koo lake kwa namna ambayo huenda asipone maisha yake yote. Katika makazi ya askari, ambako nyumba zimebanana na watoto huingia kila mlango kama kwao, jambo hili ni zito kuliko faida yoyote.

Kwa hiyo soda ikae katika kopo lake la awali lenye mfuniko wa kukaza, limeandikwa SUMU kwa herufi kubwa, ndani ya sanduku la kufuli, mbali na chakula. Isiwekwe hata kwa dakika moja katika chupa ya maji wala ya soda ya kunywa. Ajali nyingi za nyumbani huanzia hapo: chupa anayoijua mtoto, yenye kitu asichokijua. Siku ya kutengeneza, mtu mmoja apewe kazi ya kuwaangalia watoto tu, na asiguse mwiko.

Mtengenezaji avae glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, nguo ya mikono mirefu na viatu vilivyofunika vidole. Vyombo viwe vya plastiki ngumu, enameli isiyobanduka au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini isitumike hata kidogo, kwa kuwa soda huila na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Vyombo vya sabuni visirudi tena jikoni.

Soda ikimgusa mtu, mahali hapo paoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, kisha aende zahanati. Siki isipakwe juu ya ngozi. Aliyemeza asitapishwe, maana soda itaunguza koo mara ya pili inapopanda. Akimbizwe hospitali papo hapo. Maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe ziwani wala karibu na kisima.

VITU VYA ASILI NA MADAI YA UONGO

Siku hizi neno "asili" linauza. Si vibaya kulitumia pale linapostahili. Rangi ya chungwa ya sabuni ya mawese hutokana na mafuta yenyewe, nayo yapendeza bila kutiwa kitu. Asali kijiko kimoja, unga laini wa mkaa, majani ya mchaichai yaliyosagwa, au karafuu kutoka Unguja na Pemba, vyote vyaweza kuipa sabuni sura na harufu yake. Kikundi kichague harufu mbili au tatu na kuzishikilia, ili mteja ajue anarudia nini.

Mfano mzuri uko Unguja. Huko kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, na kwa miaka mingi wanawake waliuza mwani mkavu kwa bei ndogo iliyopangwa na wanunuzi wa mbali. Baadaye wanawake wa vijiji kama Kidoti na Paje walijifunza kuusaga mwani na kuutia katika sabuni, pamoja na mafuta ya nazi na viungo vya kisiwani. Mwani ni ule ule na bahari ni ile ile, lakini sasa sehemu ya thamani hubaki kijijini. Mama wa Muhuta aweza kujifunza hapo bila ya kuiga mwani wenyewe: achukue cha kwake na akifikishe hatua moja mbele.

Baada ya sabuni, kikundi chaweza kuongeza mafuta ya kupaka yaliyochanganywa na nta ya nyuki. Sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta hutoa marhamu ya midomo na visigino vilivyopasuka. Bidhaa hii haina maji ndani yake, kwa hiyo haiozi upesi. Losheni na krimu zilizotiwa maji ni jambo jingine. Vijidudu huota ndani yake hata kama harufu haijabadilika, na kuzihifadhi kunahitaji utaalamu na dawa maalumu. Anayeanza aziache. Vile vile juisi ya ndimu isitiwe katika kitu cha kubaki juu ya ngozi, kwa kuwa ngozi yenye ndimu ikipigwa na jua hupata malengelenge na mabaka.

Lipo pia jaribu la kudai kwamba sabuni inatibu. Sabuni husafisha, na usafi huzuia maradhi mengi: mikono iliyooshwa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya chakula huwapunguzia watoto kuhara, na ziwa hili limekwisha kuona kipindupindu zaidi ya mara moja. Hiyo ni sifa ya kutosha. Kuandika kwamba kipande kimoja huponya mba, chunusi na ukurutu ni kumdanganya mgonjwa na kumchelewesha kwenda kwa mganga.

Ubaya zaidi ni sabuni za kujichubua. Zebaki na haidrokwinoni zimewaharibia wengi ngozi, na zebaki huharibu figo. Mkataba wa Minamata ulipiga marufuku kuanzia 2020 vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa kabisa zebaki katika vipodozi vyote ifikapo 2025. Kikundi kinachoweza kumwambia mnunuzi bila kigugumizi kila kilichomo ndani ya sabuni yake kina silaha ambayo mwuza krimu ya kichochoroni hana. Kwa hiyo kila kifungashio kiandikwe: vitu vilivyotumika, uzito, tarehe ya kutengenezwa, namba ya fungu na jina la kikundi.

MALI BILA DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Miradi mingi ya akina mama hufa ikiwa na wateja wengi na sifa njema, kwa sababu hakuna aliyejua kama inapata au inakosa.

Chukulia mfano wa hesabu tu, usio bei ya soko. Vipande 60 vimegharimu faranga 60,000, yakiwemo mafuta, soda, kuni, karatasi, nauli na ujira wa wanaokoroga. Kila kipande kimekula faranga 1,000. Kikiuzwa kwa 1,300, faida ya kila kimoja ni 300, na ya vyote ni 18,000. Mradi unapendeza.

Sasa wateja wanakuja. Huyu ni jirani, yule ni mke wa koplo wa mlango wa pili, mwingine ni shoga wa siku nyingi. Kila mmoja anasema atalipa mshahara ukitoka. Wakishindwa kulipa watu 14 tu, kila mmoja kwa kipande kimoja, fedha iliyoingia ni ya vipande 46, yaani faranga 59,800. Faida yote imekwisha, na mtaji umeanza kuliwa. Hakuna aliyeiba. Hakuna sabuni iliyoharibika. Deni dogo la watu 14 wema limeua mradi, na huenda wote 14 hawajui.

Kambini jambo hili lina uzito wake, kwa sababu kumdai jirani ambaye waume zenu wanalinda pamoja ni aibu, na huenda mmoja ana cheo kuliko mwingine. Dawa yake ni kanuni inayowekwa kabla ya kipande cha kwanza kuuzwa: ama hakuna mkopo kabisa, ama mkopo una kikomo, unaandikwa, na mwenye deni hapati kingine kabla hajalipa cha kwanza. Kanuni ya kikundi humwondolea muuzaji aibu. Si yeye anayekataa. Daftari ndilo linalokataa.

Ujira wa kazi nao uandikwe, hata kama wanakikundi wameamua kutolipana kwa miezi ya mwanzo. Asiyehesabu jasho lake hudhani anapata faida, kumbe anauza nguvu zake bure.

ASKARI HUHAMISHWA

Familia ya askari ina tatizo ambalo mkulima hana. Leo yupo Rumonge, mwezi ujao baba amepangiwa Gitega au mpakani. Shamba halibebeki. Sabuni ina faida hapa, kwa kuwa vyombo vyake vyote huingia katika sanduku moja: mizani, glavu, miwani, ndoo mbili, mwiko na kibao. Ujuzi haubebwi na lori. Mama aliyejifunza kwa mawese aweza kupiga hesabu upya kwa mafuta ya alizeti au ya nazi huko aendako, mradi akumbuke kwamba kila mafuta yana soda yake.

Hata hivyo kikundi kinachoundwa kambini kiweke tangu siku ya kwanza utaratibu wa mwanachama anayehama: hisa yake itahesabiwaje, atalipwa kwa siku ngapi, na nani atapokea kazi yake. Wawepo mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na funguo za sanduku la fedha zisikae kwa mtu aliye na daftari. Ruhusa ya mkuu wa kituo au kambi iombwe kwa maandishi kabla ya kutengeneza sabuni ndani ya makazi ya serikali, na askari mwenyewe aulize kanuni za utumishi zinamruhusu nini. Kwa aliyekaribia kustaafu, miaka miwili ya mwisho kazini ni wakati mzuri wa kuanza kwa kilo moja moja, kuliko kuutia mafao yote katika jambo ambalo hajawahi kulijaribu.

SOKO NA BARABARA

Wanunuzi wa kwanza ni wa karibu: majirani, kinyozi, nyumba ya wageni ya ufukweni, zahanati, shule ya bweni. Baada ya hapo ndipo Bujumbura. Lakini anayetegemea Bujumbura aitazame barabara. Mwishoni mwa Machi 2015 mvua kubwa iliporomosha matope na mawe ya mlimani hapo Gitaza, katika Muhuta, watu walipoteza maisha na makazi, na njia ikakatika. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2021 uhaba wa petroli umeifanya nauli ya Burundi kupanda na magari kuadimika. Ziwa nalo lilipanda na kuingia katika nyumba za ukingoni, 2021 na tena 2024. Kwa hiyo ghala lisiwekwe penye kufikiwa na maji, na kikundi kisichukue oda kubwa ya mjini yenye siku maalumu kabla ya kuwa na akiba iliyokwisha kukomaa chanjani. Bahati nzuri, sabuni si ndagala. Ikikaa mwezi mmoja zaidi hupata ugumu, haiozi.

Kadhalika mawese yana miezi ya neema na miezi ya uhaba. Mwenye mtaji kidogo anunue neema ilipo na ayageuze mafuta kuwa sabuni mapema. Badala ya kuweka madumu ya mafuta yatakayochacha, aweke chanja lililojaa vipande. Hiyo ndiyo benki yake.

Mauzo yakikua, ubora upelekwe kupimwa na Ofisi ya Viwango ya Burundi, BBN. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na sabuni inayotaka kuvuka kwenda Kigoma au Kigali itaulizwa alama ya ubora. Walio Tanzania wana TBS kwa viwango, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, kwa mafunzo na mashine.

Jambo la mwisho ndilo linaloangusha waliokwisha kufaulu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sabuni ikishapendwa, huja kishawishi cha kuuza ya majuma mawili badala ya sita, kupunguza mise kwa kuwa imepanda bei, au kukata kipande cha gramu 90 ndani ya karatasi iliyoandikwa 100. Mteja hatasema. Atanyamaza, na mara nyingine atanunua ya kiwandani, ambayo walau haibadiliki. Kikundi kidogo hakina matangazo ya redio wala mabango ya kukiokoa. Kina uaminifu wa mkono uliokoroga, na mtoto wa jirani aliyeogeshwa jana akalala vizuri.

Anayetaka kuanza, basi, aanze na mizani, sanduku la kufuli na daftari. Mafuta yapo.